Misukule wa Nyuma ya Maktaba

Wembley,
London.
19 Novemba 2024

Mpendwa wifi yangu Hayat,

Assalaam alaykum. Nakuombea barua hii ikukute umekaa kitako, si umesimama jikoni na mwiko mkononi, maana nakujua. Vipi goti lako? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea mwezi wa nane imekusaidia, au umeshampa jirani tena? Mjukuu ameota meno? Na Bi Time amesharudi Wete kutoka Unguja alikokwenda kutibiwa? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imeshaanza kuingia mifupani, na mie bado navaa soksi mbili mbili, kama mwaka ule wa kwanza uliponicheka kwenye picha.

Najua utauliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Simu zetu, Hayat, hazina siri. Ukibonyeza sauti yangu tu, mumeo, watoto na mpita njia wote wanajua Mardhiya wa London kasema nini. Hili nataka ulisome peke yako kwanza. Anakuja nalo Bi Faridah, anayesafiri Jumapili kuja Pemba kwenye harusi ya mpwa wake. Mpe chai, usimwache aondoke hivi hivi.

Kazini bado niko kule kule, kuwahudumia wazee majumbani mwao. Natoka alfajiri, na mwezi huu ukungu umezidi. Ule upinde mkubwa wa uwanja wa mpira, unaoonekana ukitoka tu mlangoni kwetu, siku hizi hauna miguu, unaning'inia juu peke yake. Basi linatoka kwenye weupe, linanichukua, linaniingiza kwenye weupe tena. Mara nyingi nashuka sijui nilikuwa nafikiri nini njia nzima. Binti yangu Raudha hunicheka kwa Kiingereza chake kuwa naota mchana, nami simbishii. Yeye yuko mwaka wa pili chuoni, mrefu sasa, na ule upana wa kipaji chake cha uso unaujua umetoka wapi.

Mama yako hajambo mwili. Ni macho tu. Mtoto wa jicho amekomaa na bado anasubiri zamu yake ya kupasuliwa. Maandishi makubwa anayasoma, madogo hayaoni, na uso wa mtu hauoni mpaka ausogelee karibu kabisa kama anayetaka kumbusu. Ulimi wake hauna kasoro yoyote, hilo usiwe na wasiwasi.

Lakini lile jambo letu, wewe na mie, lilikuwa bado liko pale pale. Tangu Aprili ya 2020, kaka yako Abdulsamad alipotutoka hospitali na sisi haturuhusiwi kuingia, Mama hakukubali kabisa kuwa mwanawe amekufa. "Mie nimeoneshwa sanduku," ndilo jibu lake kwa kila mtu. "Uso sikuuona. Nani aliyemkosha? Nani aliyemvisha sanda? Nileteeni mtu mmoja aliyemwona." Na huyo mtu mmoja hatukuwa naye. Siku zile makaburini walisimama wanaume wanane, mbali mbali, nyuso zimezibwa, na mie nikiwa ndani ya gari na kioo kimepandishwa.

Yaliyofuata yamekukaa kooni wewe kuliko mie. Alikukataza kuweka matanga. Alikwambia kwenye simu, na mie nasikia, kuwa atakayetandika jamvi Wete kwa ajili ya Abdulsamad si mtoto wake. Ukawa unalia chooni na bomba umelifungulia, ukatoka unasema ni mafua. Mimi nilipokaa eda, Mama alisimama mlangoni mwa chumba akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, unakaa eda ya nani?" Miaka minne na nusu neno marehemu halikutamkwa humu ndani. Kila asubuhi akinywa chai hunihadithia ndoto ile ile: Abdulsamad yuko ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, mabasi yanapita na yeye hapandi, wala havuki kuja kwetu. Mama hutaka kujua nini kinachomzuia. Mie hukoroga sukari.

Sasa nikuhadithie kisa cha misukule, na ucheke kwanza, maana kina kichekesho chake.

Mwezi wa tisa kaunsili ya hapa, yaani halmashauri, iliwaita wakazi kwenye ukumbi wa maktaba, tupange namna ya kuokoana siku ya janga: mafuriko, moto, umeme kukatika wiki nzima. Aliyetuongoza ni mwanamke anayeitwa Tejal, mzaliwa wa hapa, ambaye mama yake alikuja zamani kutoka Mombasa na sasa anakaa Rayners Lane. Tejal alisema watu wakiambiwa habari za mafuriko husinzia, na wakiambiwa habari za maradhi hulia, kwa kuwa bado tuna vidonda. Kwa hiyo wametunga janga la uongo. Wafu wameamka Hayes, karibu na kiwanja cha ndege, na wanakuja Wembley kwa miguu. Zombi, Hayat! Watu wazima, wenye vitambulisho shingoni, tunapangiana zamu za kupambana na zombi. Mtaa unaojua kuokoana na wafu, alisema, siku ya mvua hautashindwa.

Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na chai ya bure na hita inayofanya kazi. Sikufichi.

Sisi Waswahili tulipewa meza karibu na rafu za vitabu vya mapishi. Tulikuwa mie na Serah, nesi Mkenya anayekaa mtaa wa pili, na Ulimboka, mtu wa Tukuyu, ambaye siku za mechi kazi yake ni kuongoza watu uwanjani. Mrefu yule, mpole, lakini akipaza sauti watu elfu husimama. Pamoja nasi walikuwepo wazee sita wa kile kituo wanakokutana kila Alhamisi, wengi wao wa Unguja na Pemba. Mama hakuja. Alisema ana kazi nyumbani, na kazi yenyewe ni kukaa dirishani.

Nikapewa mie kutafsiri tangazo la wazee, na hapo ndipo nilipojiponza. Zombi kwa Kiswahili ni nani? Serah akasema, "Si uandike tu zombie, Mardhiya, kila mtu anajua. Aki usitupatie stress." Lakini kwetu, wifi yangu, mazombi ni neno lenye watu wake, wale wa kuziba nyuso na kupiga watu, wanaotajwa siku za uchaguzi, na wazee kadhaa wa meza ile walihama nchi kwa ajili ya siku za namna hiyo. Ningeandika mazombi wanakuja Wembley, wangefunga mizigo yao wahame tena. Nikafikiria mizuka, nikaona imekaribiana mno na kizuka, na kizuka nimeshakuwa mie mwenyewe, miezi minne na siku kumi, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kalamu ilikataa. Ulimboka ndiye aliyeleta neno. "Andika misukule, dada yangu," akasema. "Wazee wataelewa."

Wakaelewa, tena zaidi ya tulivyotaka. Tejal alipouliza kila meza itafanya nini zombi wakigonga mlango, Wasomali walisema watahamia ghorofa za juu. Dhiren wa duka la dawa alisema atateremsha mlango wake wa chuma na kugawa bendeji dirishani. Zamu yetu ilipofika, bibi mmoja wa Makunduchi aliinua kidole akauliza, "Hao misukule ni watoto wa nani?"

Ukumbi ulicheka, meza yetu haikucheka. Maana msukule si mnyama wa kung'ata watu. Ni mtu aliyechukuliwa na wachawi, kwao wakazika mgomba wakidhani ni yeye, naye yupo mahali analimishwa, analishwa pumba, ulimi mzito, hawezi kusema kwao ni wapi. Mtu huyo hakimbiwi. Unamwita jina lake, unampa chakula cha kibinadamu, unamrudisha kwa mama yake. Wazee wakaanza kugawana kazi hapo hapo, nani atapika, nani anajua majina ya watu wa Makunduchi, nani anayajua ya Wete. Tejal aliyaandika yote kwenye karatasi kubwa ukutani kwa kalamu ya kijani, wala hakutabasamu.

Kisha akauliza habari huwa zinapitia wapi kwetu, mtu akipatwa na jambo. Ulimboka akamwambia, "Sisi mpango tunao tayari. Unaitwa msiba." Na kweli, ukitazama. Mtu akifa Hayes saa mbili, saa tatu Wembley yote inajua. Saa nne masufuria makubwa yameshatoka, viti vimeazimwa, mwenye gari ameshakwenda kumpokea shangazi uwanja wa ndege, na wanawake wameshaingia jikoni kwa wafiwa bila kuuliza funguo. Serah akasema na kwao Kenya ni vile vile. Basi mpango wetu wa zombi ukawa ni msiba mtupu: huyu masufuria, yule viti, Serah wagonjwa na dawa zao, Ulimboka njia na milango, mie kuwagongea wazee wanane wa jengo letu.

Nilicheka pamoja na wenzangu, halafu nikatoka nje nikajifanya napokea simu. Mpango ule wote, na masufuria yake, nilikuwa naujua ulipowahi kushindwa. Ulishindwa kwa mume wangu. Mlangoni kwetu zililetwa bakuli tatu za chakula, zikawekwa chini, na walioziweka wakarudi nyuma hatua sita wakapunga mikono.

Tangazo likachapishwa. Juu, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya macho ya wazee, niliandika hivi: JUMAMOSI TAREHE 16 NOVEMBA, SAA NNE ASUBUHI, MISUKULE WATATOKEA KATIKA UWANJA WA NYUMA YA MAKTABA. WAKAZI WOTE MNAKARIBISHWA. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwa kuwa karatasi ilikuwa imejaa, niliandika kuwa hili ni zoezi tu. Karatasi moja niliiacha juu ya meza ya kulia chakula. Wifi yangu, mie ndiye ninayejua kuliko mtu yeyote macho ya Mama yanasoma herufi gani.

Wiki nzima aliamka mchangamfu. Alitaka nimpigie pasi buibui lake zuri. Alinituma nimnunulie muhogo na papa mkavu, akaniambia nisitazame bei. Hakunihadithia ndoto, na mie mjinga nikamshukuru Mungu kuwa ameanza kusahau.

Jumamosi Raudha alitoka mapema, kwa kuwa alijitolea kuwa mmoja wa zombi na alitakiwa awahi kupakwa rangi. Sikuona alivyovaa. Mama alikuwa ameshapika muhogo wa nazi tangu alfajiri, ameufunga kwenye bakuli na kitambaa juu, amejifukiza udi, na mkononi ana mfuko. Nikafurahi anakuja kututazama. Ni vituo viwili tu vya basi, akataka twende kwa miguu. Ukungu ulikuwa mzito mno asubuhi ile, hata taa za magari zilikuwa kama viini vya mayai. Tulikuwa tumeshavuka barabara kubwa aliponishika mkono akauliza, "Watatolewa wote pamoja au mmoja mmoja?"

Nikamtazama. Nikautazama mfuko, nikaona kola ya kanzu ya Abdulsamad imechungulia.

Nisamehe, Hayat, kwa ninalokuandikia sasa. Nilitakiwa nimwambie pale pale. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa amenishika mkono, mkono wake una joto, udi wake unanukia, na weupe umetuzunguka pande zote, hakuna nyumba, hakuna London. Nikasikia raha. Kwa muda wa kituo kimoja na nusu cha basi, na mie niliamini. Niliwaza kama wali upo nyumbani. Niliwaza kuwa nimenenepa, atanionaje. Nikamwambia Mama, "Nadhani watakuja pamoja," na tukaendelea kutembea.

Nyuma ya maktaba watu walikuwa wengi, wamesimama kwenye majani mabichi, kila meza na mahali pake. Tejal alipuliza filimbi. Wakaanza kutokea, kutoka upande wa miti, polepole, watu thelathini hivi. Walipakwa unga na maji ya kiazi chekundu. Mwanzo zikatokea nyayo kwenye majani, kisha magoti, kisha nyuso. Walikuwa wafanyakazi wa maktaba, wanafunzi na kinyozi wetu, na nilijua hivyo, lakini mkono wa Mama niliukaza. Upande wa Dhiren watu walianza kubeba maboksi yao, upande wa Wasomali wanawake walianza kuhesabu watoto. Zoezi lilikwenda vizuri.

Mama aliuachia mkono wangu akaingia katikati yao.

Alimwendea wa kwanza, akamvuta shingo mpaka uso ukafika karibu na wake, akamtazama. "Wewe si wangu," akamwambia. "Mungu akurejeshe kwenu." Akaenda kwa wa pili. "Na wewe si wangu. Mungu akurejeshe kwenu, baba." Aliwapitia mmoja mmoja hivyo. Zombi wa watu walisahau kunguruma. Mjerumani mmoja mrefu, anayefundisha muziki, aliinama mwenyewe ili Mama amfikie. Wazee wa meza yetu walikuwa wamesimama, wanajua vizuri anatafuta nini. Nilimwona Tejal ameweka filimbi mdomoni na hapulizi.

Halafu nikaliona lile koti. Koti la kazi la Abdulsamad, la rangi ya chungwa, lenye mikanda inayong'aa, alilokuwa akilivaa ghalani Hayes. Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango miaka yote hii na sikuwahi kulishusha. Linakuja kwenye ukungu na mikanda inamemetuka, mabega yake vile vile. Mama hakuhitaji kusogea. Rangi ile aliiona kwa mbali.

"Abdu," akaita. Si kwa kelele. Alimwita kama mtoto aliyechelewa kurudi kutoka skuli.

Koti likasimama. "Bibi, it's me," akasema Raudha.

Mama alikuwa ameshamfikia. Alimshika mashavu, vidole vyake vikapita kwenye unga na rangi, akavinusa. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kusema, "Maji." Nilikuwa na chupa mkobani, nikampa. Alilowesha ncha ya mtandio wake akaanza kumkosha uso yule mtoto. Alianza upande wa kulia, kisha kushoto. Akarudia, akarudia tena, mara tatu, na midomo inakwenda. Nilijua anachofanya, ndivyo anavyokoshwa maiti. Bibi wa Makunduchi alijua, maana nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi. Raudha alitulia kabisa, macho ameyafumba, maji yanamchirizika shingoni kwenye baridi ile.

Uso ukatoka, na kipaji chake. Mama aliutazama kwa karibu, kwa muda mrefu.

"Koti hili umepata wapi?" akamuuliza.

Na Raudha, anayejibu Kiingereza tangu ajue kusema, alimjibu kwa Kiswahili. "Ni ya Baba, Bibi."

"Koti ni la," Mama akamsahihisha, kama anavyosahihisha siku zote. "Sema la. Koti la marehemu baba yako."

Alilisikia alilolisema. Alibaki ameshika kola. Kisha akaniangalia mie, nilipo, pale ambapo hawezi kuniona, akasema, "Mardhiya, mwanangu kafa." Akakaa chini kwenye majani. Na akalia, Hayat. Mama alilia kwa sauti, kilio ambacho mie na wewe tulikificha miaka minne na nusu, na mie nikakaa ubavuni kwake nikalia changu, na Raudha katikati yetu na koti lake.

Sasa ndiyo usikie maajabu. Ulimboka alikuwa mmoja wa waliopakwa unga, nusu ya uso wake nyeupe, damu ya kiazi kidevuni. Alikuja akachuchumaa, akasema, "Pole sana mama," kisha akasimama na kwa ile sauti yake ya uwanjani akaita, "Viti!" Na viti vikaja. Kila mtu alikuwa na kazi yake ameshapangiwa, akaifanya. Masufuria yaliyoletwa kwa mchezo yaliwekwa maji kweli. Serah alimvua Mama viatu vilivyolowa akamvisha vyake. Bibi wa Makunduchi akaanza Yasini kwa moyo, wazee wakamfuata. Na zombi, wifi yangu, thelathini nzima, wakapanga foleni. Walitupa mkono mmoja mmoja, mie na Mama na Raudha, mikono yenye unga. Mjerumani yule alisema pole kwa Kiswahili, kafundishwa hapo hapo. Nilipokaa eda sikupewa mkono na mtu hata mmoja, na Jumamosi iliyopita nimepewa pole na misukule. Tukala muhogo wa Mama sote, kidogo kidogo.

Tejal alifunga zoezi bila kupuliza filimbi. Jana alinipigia simu kuniambia kuwa kwenye mpango wa kaunsili ameongeza kipengele kimoja, kwamba siku ya janga lolote, kila kituo kiwe na mtu wa kutazama nyuso na kuita majina. Aliniuliza ataliandikaje neno msukule kwa Kiingereza. Nikamwambia aniachie, nimeshaponzeka mara moja inatosha.

Tangu Jumamosi nyumba yetu haijafungwa. Wanaingia, wanatoka, jikoni siruhusiwi. Juzi alikuja mama yake Tejal, Bi Alka, kutoka Rayners Lane, na kachori kwenye chombo, akakaa na Mama wakashikana mikono. "Pole mama," alimwambia kwa Kiswahili chake cha zamani cha Mombasa. "Hata mimi dada yangu alikwenda mwaka ile, mimi hapana ona." Wakanywa chai mpaka saa kumi. Mie nimechukua likizo wiki nzima. Nalala mchana, naamka, nasikia watu wanaongea sebuleni, na sina haja ya kujua ni saa ngapi.

Jana asubuhi nilimuuliza Mama kama ameota. Akasema amelala tu.

Mbele yetu kuna mambo ya kupanga. Mama anataka isomwe khitma huku na huko siku moja, na ametaja Ijumaa ya tarehe sita Desemba, ikiwa kwenu kuna nafasi. Makaburini tutampeleka Jumapili, Ulimboka atatuendesha. Lile koti Raudha ameomba abaki nalo, nimempa.

Nisalimie mumeo na watoto wote. Nisalimie Ba Mkubwa Faki, na umwambie ile redio aache kuifungua kwa kisu. Bi Time mshike mkono kwa niaba yangu. Mungu awalinde, awape afya, na ile safari yenu ya kuja kututembelea aifanye nyepesi. Nimekukumbuka mno, Hayat, zaidi ya ninavyokwambia kwenye simu.

Mama amekaa hapa kando yangu tangu nianze ukurasa huu. Anataka maneno yake yawe ya mwisho, na nisiyapunguze wala nisiyapambe. Nayaandika kama anavyoyasema:

"Hayat, mwanangu, mie mama yako nakuletea tanzia. Kaka yako Abdulsamad amefariki. Tandika jamvi, watu waingie. Na wewe usilie chooni tena, mwanangu. Toka ukae kati ya watu, ulie."

Ni mie wifi yako, mwenye kukupenda na asiyechoka kukupenda,

Mardhiya,
mjane wa kaka yako.